Wazo halifukuzwi, linahojiwa

Kiswahili hakikungoja daktari akifundishe kwamba fikra zinaweza kumlaza mtu kitandani. Ukisema "yule dada ana mawazo", hakuna anayeuliza mawazo gani. Neno lenyewe limeshabeba usingizi uliokatika, chakula kilichoachwa sahanini na simu isiyopokelewa. Waganda wana neno okwekyawa, kujichukia, na watafiti waliofanya kazi Rakai na Masaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba hali ambayo wanakijiji waliieleza kwa neno hilo inakaribiana sana na ile ambayo vitabu vya udaktari vinaiita sonona. Jina la ugonjwa tulikuwa nalo siku zote. Tunachogombania ni dawa.

Katika makanisa mengi ya Kampala dawa ni moja: kemea. Wazo baya ni mshale wa adui, likemee, kiri ushindi, tembea. Ukitoka hapo ukaingia kwenye semina ya hamasa hotelini, msemaji mwenye suti atakuambia uwaze mazuri tu na ujisifu mbele ya kioo kila asubuhi. Hawa wawili hawapendani, lakini wanakosea mahali pamoja. Wote wanataka wazo litupwe nje haraka na jingine zuri likalie kiti chake, kabla mtu hajajua lile la kwanza lilikuwa linasema nini.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba wanafunzi wakae dakika tano bila kumuwaza dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wapige kengele. Walipiga zaidi ya mara moja kwa dakika. Kibaya zaidi, waliporuhusiwa baadaye kumuwaza, walimuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ili askari wa getini amtambue mtu aliyekatazwa kuingia, lazima awe na picha yake mkononi muda wote. Anayesali "Bwana, niondolee wazo kwamba mimi si kitu" mara arobaini usiku mmoja ameitazama picha hiyo mara arobaini.

Na kioo? Mwaka 2009 huko Kanada, Joanne Wood na wenzake waliwataka watu wajiambie kwamba wao ni watu wa kupendwa. Waliokuwa wanajidharau walimaliza wakiwa na hali mbaya kuliko wenzao wa aina hiyohiyo ambao hawakujiambia lolote. Mdomo unatamka sifa, moyo unaleta orodha ya mambo yanayozipinga. Walionufaika, tena kidogo, ni wale ambao tayari walikuwa wanajithamini. Dawa ilimfaa mzima.

Aya inayotumiwa zaidi kutetea kukemea ni 2 Wakorintho 10:5, "tukiteka nyara kila fikira ipate kumtii Kristo". Kwa haki, Paulo alikuwa anazungumzia hoja za wapinzani wake Korintho, hakuwa anazungumzia msongo wa mawazo. Lakini hata tukiichukua kama inavyohubiriwa, neno lake si kufukuza. Mateka hafukuzwi. Anakamatwa, anaketishwa, anaulizwa jina lake na nani kamtuma.

Hivyo ndivyo walivyofanya Wakristo wa kale, tena hapa hapa Afrika. Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliorodhesha aina nane za mawazo yanayomsumbua mtu wa sala. Alifundisha kwamba wazo kuja au kutokuja haliko mikononi mwetu; kilicho mikononi mwetu ni kama litakaa. Aliamini pepo wako nyuma yake, hilo tusimfiche, lakini hakuanza kwa kelele. Alimwagiza mtawa achunguze: linapanda saa ngapi, linashuka lini, linafuatana na lipi. Kisha alikusanya maneno ya Maandiko ya kulijibu, kila wazo na neno lake. Karibu miaka 1,600 baadaye, katika miaka ya 1960, daktari Aaron Beck wa Philadelphia aligundua kwamba wagonjwa wake, chini ya maneno waliyokuwa wanamwambia, walikuwa na mkondo wa pili wa fikra: fupi, za haraka, zinazoaminiwa bila kupimwa. Kutoka hapo ikazaliwa tiba ya fikra na tabia. Beck hakuwa mhubiri, lakini Evagrius angeielewa kazi yake bila mkalimani.

Daftari

Daftari la shule linatosha, na kalamu. Ukurasa unagawanywa safu sita: tukio, hisia, wazo, ushahidi unaounga mkono, ushahidi unaopinga, hitimisho.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Jumapili mke wa mchungaji alimpita mlangoni mwa kanisa bila kumsalimia. Jumatatu mtoto akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Usiku wa Jumanne, saa tisa, mama yuko macho.

Kwenye tukio anaandika kile tu ambacho kamera ya simu ingenasa: "Jumapili baada ya ibada, mama mchungaji alipita karibu nami, hakunisalimia." Haandiki "alinidharau", kwa sababu dharau haipigwi picha. Kwenye hisia anaandika neno moja moja na namba kati ya 0 na 100: aibu 85, huzuni 70. Namba hizo zina kazi moja, kumwezesha alinganishe mwanzo na mwisho.

Safu ya wazo ndiyo ngumu, na wengi huiharakisha. Wazo linaloandikwa kwanza kwa kawaida ni la juujuu. Ajiulize: ikiwa hili ni kweli, maana yake nini kwangu? Arudie mara tatu au nne. Hakunisalimia, maana yake ananidharau. Ananidharau, maana yake kanisa zima linajua sijalipa ada. Linajua, maana yake mimi ni mama asiyefaa. Hapo koo linakaza. Hilo ndilo wazo la kuhoji, yale ya juu yalikuwa wapambe wake.

Ushahidi ni ule tu ambao hakimu wa mahakama ya Buganda Road angekubali kuuandika. "Najisikia sifai" angeufuta. Upande wa kuunga mkono: nadaiwa theluthi ya ada, mtoto amekosa siku mbili za masomo. Ni kweli, na uandikwe bila kupunguzwa. Upande wa kupinga: mwaka jana nililipa mihula yote mitatu; mama mchungaji alikuja nyumbani nilipougua; Jumapili ile hakumsalimia hata mmoja wa waliosimama nami.

Kisha hitimisho, ambalo lazima lizibebe pande zote mbili: "Nadaiwa theluthi ya ada na inaniuma. Nimelipa kila muhula kabla ya huu. Kwa nini hakunisalimia sijui, na naweza kumuuliza." Apime tena. Aibu ikishuka kutoka 85 hadi 50, kazi imefanyika vizuri. Ikishuka hadi 0 siku ya kwanza, ameandika mahubiri.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Baada ya wiki tatu hivi ataona jambo ambalo huwashangaza wengi: kurasa ishirini, mawazo ya chini mawili au matatu tu, yanabadilisha nguo.

Neno la Mungu linaingia wapi? Baada ya ushahidi, wala si badala yake. Na liwe lile linalojibu dai lililoandikwa, kama alivyofanya Evagrius. Kwa aibu ya mama huyu, Zaburi 34:5 inagusa penyewe: "Wakamwelekea macho wakatiwa nuru, wala nyuso zao hazitaona haya." Kwa anayewaza kwamba Mungu amemchoka, iko Maombolezo 3:22, kwamba rehema zake hazikomi. Lakini isomwe kuanzia mstari wa kwanza, maana imetanguliwa na mistari ishirini ya malalamiko ambayo ukiyasoma kwa sauti kanisani leo utaombewa upesi. Biblia haikuruka hatua hiyo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kitabuni. Wafilipi 4:8, ile ya "yatafakarini hayo", inaanza na mambo "yaliyo ya kweli". "Yenye kupendeza" yamekaa nyuma kwenye foleni. Na ile ya Mithali 23:7, inayopendwa sana na wasemaji wa hamasa, kwamba mtu alivyo nafsini mwake ndivyo alivyo, inahusu mwenyeji bahili anayekukaribisha chakula huku akihesabu matonge. Haisemi kwamba ukijiona tajiri utakuwa tajiri.

Daftari huharibikia mahali panapojulikana. Mtu anaandika swali, "Kwa nini mimi tu?", na swali haliwezi kupewa ushahidi, ligeuzwe kuwa dai, "Mimi peke yangu ndiye ninayeteseka", hapo linapimika. Mwingine anafanya zoezi zima kichwani, na kichwani sentensi haifiki mwisho, inazunguka. Mwingine analifanya saa tisa usiku akiwa kitandani, wakati ambao kila dai linaonekana lina mashahidi kumi. Usiku huo aandike maneno mawili ya kukumbuka na alale. Kazi yenyewe ingoje saa kumi na moja jioni, kwenye kiti kilekile kila siku. Na daftari lifichwe. Katika nyumba ya chumba kimoja hilo si jambo dogo, na mtu anayejua kwamba shemeji atasoma hataandika wazo la chini.

Nabii aliyesahau hesabu

1 Wafalme 19 huhubiriwa kama sura ya sauti ndogo ya utulivu. Isomwe pia kama kumbukumbu ya kliniki. Eliya anakimbia, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Wazo lake ameliweka wazi: "nimesalia mimi peke yangu". Sasa rudi sura moja nyuma, 18:13. Obadia alikuwa amemwambia Eliya mwenyewe, uso kwa uso, kwamba amewaficha manabii mia moja pangoni, hamsini hamsini. Ushahidi aliusikia kwa masikio yake. Katika kukata tamaa, masikio hayahesabu.

Hakuna anayemkemea. Analala, anaguswa, anapewa mkate uliookwa na maji, analala tena, anapewa tena. Anatembea siku arobaini. Ndipo anaulizwa swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Anajibu. Baada ya upepo, tetemeko na moto anaulizwa swali lilelile, naye anajibu kwa maneno yaleyale, karibu neno kwa neno. Mstari wa 10 na wa 14, linganisha. Anayemsikiliza mtu mwenye mawazo anaujua wimbo huo. Hata miujiza mitatu haikubadilisha sentensi. Kinachofuata ni kazi tatu za kufanya, mojawapo ikiwa kumtafuta Elisha, yaani mwenzake. Na mwisho kabisa, mstari wa 18, ndipo inakuja hesabu: watu elfu saba.

Mpangilio huo ndio ninaoutetea. Usingizi na chakula, kisha kusikiliza bila kukatiza, kisha kazi ndogo inayomtoa mtu pangoni, kisha ushahidi. Wahubiri wengi, na wanasihi wachanga pia, wanaanza na wale elfu saba.

Pale daftari lisipofaa

Kuna mawazo ambayo ni mabaya na ni ya kweli. Kijana wa boda aliyekosa marejesho ya mkopo wa pikipiki wiki tatu hahitaji kupima kama pikipiki itachukuliwa. Itachukuliwa. Huyo anahitaji karatasi nyingine: tatizo moja tu kwa sentensi moja, njia zote zinazowezekana hata za kipuuzi, moja ichaguliwe, hatua ya kwanza ipewe siku na saa, na arudi kusema kilichotokea. Nchini Zimbabwe, mabibi wa Benchi la Urafiki lililoanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 wanawasaidia watu hasa kwa njia hiyo, wakiwa wamekaa nje ya zahanati.

Kuna hatia ya kweli. Aliyechota fedha za kikundi cha akiba akija na wazo "mimi ni mwizi", saikolojia inayomfariji haraka inamdhulumu. Hapa kanisa lina chombo ambacho kliniki haina: toba, kuungama, kurudisha. Zakayo alitaja kiwango, mara nne. Sentensi ya kupimwa baada ya hapo ni ile inayobaki, "sitasameheka kamwe".

Na kuna kundi la tatu, linaloumizwa zaidi na ushauri wa kawaida wa kanisani: wale wanaojiwa ghafla na mawazo ya kumkufuru Roho Mtakatifu, ya kumdhuru mtoto mchanga, ya matusi wakati wa meza ya Bwana, nao wenyewe wanayachukia. Tangu utafiti wa Rachman na de Silva wa mwaka 1978 inajulikana kwamba mawazo ya namna hii huwapata watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Tofauti iko katika jibu. Mgonjwa anatubu, anapata nafuu ya dakika kumi, wazo linarudi, anatubu tena kwa maneno makamilifu zaidi, na baada ya miezi anatubu saa tatu kwa siku. Nafuu ile ndiyo mbolea. Kwake daftari la ushahidi ni sumu pia, maana litageuka toba ya maandishi. Tiba yake ni kinyume cha silika: wazo liachwe lije, lisijibiwe, sala iwe moja kwa muda uliopangwa, na isirudiwe hata ikihisiwa ilisaliwa vibaya. Hofu itapanda, itakaa, itashuka yenyewe. Atafute mtaalamu wa kumwongoza, na mchungaji akubali kutomwombea kila anapopiga simu. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wachungaji wengi, na naelewa kwa nini.

Watu wanane kwenye mkeka

Daftari ni chombo cha mtu mmoja na meza yake. Uganda inajua njia nyingine. Katika jaribio la vijiji 30 vya Rakai na Masaka, mwaka 2002, watu wenye sonona wa baadhi ya vijiji hivyo waliwekwa kwenye vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumzia msiba, ugomvi, na maisha yaliyobadilika ghafla. Mwishoni waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyopata vikundi asilimia 54.7. Baadaye, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki jaribio la mafunzo ya vikao vitano vya saa mbili mbili yanayotolewa kwa sauti iliyorekodiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na waliopata mafunzo walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Hao hawakufundishwa kubishana na wazo. Walifundishwa kulitambua, kulipa jina, na kurudi kwenye walichokuwa wanafanya.

Balokole, yaani waliookoka wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, wana mkeka huo tangu miaka ya 1930: kukutana kila wiki na "kutembea nuruni". Lakini masikio ya ushirika yamefunzwa kusikia "nimetenda". Mtu akisema "nawaza kwamba ningekufa ingekuwa heri", kikundi kinatafuta dhambi iliyo nyuma yake. Kikundi cha watu wanane, saa ileile, mtu mmoja wa kutazama muda, sharti kwamba hakuna kujibu kwa aya kabla msemaji hajamaliza: mageuzi hayo hayana gharama.

Sentensi kama ile ya kufa iulizwe wazi: "Unafikiria kujiua? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa za shambani na vidonge viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Gulu, Mbale na Arua, zina vitengo vya afya ya akili. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Kampala, ipo tangu 1955. Hata bila dalili hiyo, huzuni au kukosa hamu ya chochote kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na usingizi na chakula kuvurugika, ni sababu ya kumwona daktari.

Vidonge vya sonona vinachukua kati ya wiki mbili na nne, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuonyesha kazi, ilhali kinywa kukauka au kichefuchefu huja siku za kwanza. Ndiyo maana wengi huacha siku ya kumi: wameona ubaya wake tu. Kuacha ghafla baada ya miezi ya kutumia kuna shida zake, kwa hiyo dozi hupunguzwa na daktari hatua kwa hatua, na mchungaji anayeulizwa "niache kwa imani?" anaweza kusali na mgonjwa kisha kumsindikiza kwenye tarehe yake ya kliniki. Kuhusu kesha la Ijumaa: kwa mtu aliyewahi kupata kichaa cha kupanda, wa kuongea bila kukoma na kutolala siku tatu, usiku mmoja wa kukesha unaweza kuurudisha. Apewe zamu ya maombi ya saa sita mchana, na mfungo wake uwe wa kitu kingine, si chakula wala maji ya kumezea dawa.